Hongera kwa Wauguzi wa Stoma
Muuguzi wa Nyeri, Karatina au Chogoria anayemfundisha mgonjwa kuvaa mfuko wa stoma (tundu lililofunguliwa tumboni kwa upasuaji ili kutoa kinyesi) usiovuja anastahili pongezi kubwa kuliko anazopata. Mfuko wa kutupwa wenyewe ulibuniwa na muuguzi, Elise Sørensen wa Denmark, mwaka 1954. Muuguzi hufundisha kwamba stoma husinyaa wiki 6 hadi 8 za mwanzo baada ya upasuaji, hivyo hupimwa upya. Tundu la bamba, sehemu ya mfuko inayogandishwa kwenye ngozi, huizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu, ngozi hukaushwa, na kwa baridi ya Julai mlimani bamba hupashwa kwapani kwanza, ndipo ligandamizwe kwa kiganja. Wapo watakaosema shida ni bei ya mifuko. Kweli, bei inaumiza; lakini hata kwenye mfuko ghali, tundu likiwa pana kinyesi huchoma ngozi, na ngozi iliyochubuka haishiki gundi, mfuko mwingine ukaharibika kabla ya siku zake.