Kamera ya Mkononi katika Mizani ya Ikoma

Ikoma, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, ni sehemu iliyo jirani na nyika iliyopigwa picha mno, lakini watu wake hawajasikika kwa kadiri hiyo. Tangu Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipotengeneza filamu yao juu ya Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kutunukiwa Oscar mwaka 1960, jicho la kamera limekuwa likiwaandama nyumbu, simba na punda milia. Katika filamu za namna hiyo mwanaadamu wa eneo lenyewe aghalabu huingia kama mwindaji haramu, au haingii kabisa. Mzee wa Robanda anayejua masimulizi ya ukoo wake, yanayoitaja Sonjo upande wa mashariki kuwa chimbuko la Waikoma, hakuwa na nafasi mbele ya lenzi hizo kubwa.

Kamera ndogo ya video ilikuja na ahadi nyingine. Mwaka 1985 kampuni ya Sony ilitoa kamera ya mkononi kwa jina la Handycam; ile ya kwanza iliweza kunasa lakini haikuweza kuonyesha ilichokinasa, ikabidi mkanda uchezwe kwenye mashine nyingine. Mwaka 1995 ukaingia mkanda wa MiniDV, wenye upana wa milimita 6.35, unaohifadhi picha na sauti kwa tarakimu. Katika miaka ya 2000 kamera za mkanda huo zilifuata arusi, mahafali na maziko ya watu ambao hapo kabla hawakuwa na picha ila ile moja ya studio, iliyotundikwa ukutani. Hiyo ndiyo kamera inayostahili kupimwa: ile ya nyumbani, inayokaa katika kiganja, ambayo mwenyewe hakusomea filamu popote.

Mnunuzi wa kamera hii alipokewa kwanza na majigambo ya boksi. Liliandikwa kwamba kamera inavuta picha mara mia kadhaa, na wengi waliichagua kwa tarakimu hiyo. Ukweli ni kwamba lenzi yenyewe huvuta mara 10 au 20 tu. Kilichobaki hufanywa na mashine kwa kuzipanua chembe za picha zilizokwishanaswa, ndipo uso wa mtu unapogeuka vigae. Ni sawa na mtunzi anayejaza mizani kwa maneno yasiyo na kazi: ubeti umetimia kwa hesabu, maana imepwaya. Kamera ya nyumbani hutoa picha bora pale mshikaji anapoiacha lenzi ilivyo, akasogea kwa miguu yake. Naye anayesogea hulazimika kubisha hodi na kuomba ruhusa, jambo ambalo lenzi ndefu za watalii hazikulihitaji.

Kipimo cha pili ni nuru, na hapa Ikoma ni mtihani mkali. Uwanda ni mpana na mbingu ya mchana inawaka. Kamera ikiachiwa ijipangie yenyewe, hupima nuru ya picha nzima na kutafuta wastani. Ikiona mbingu nyeupe hupunguza mwanga, na mtu mweusi aliyesimama mbele ya mbingu hiyo hubaki kivuli kisicho na macho. Mzee anaweza kusimulia saa nzima na wajukuu wake wasiione sura yake. Kasoro hii ina dawa mbili: kitufe cha kusahihisha nuru ya nyuma, ambacho kamera nyingi za daraja hili zilikuwa nacho, au kumketisha msimuliaji chini ya mti huku jua likiwa mgongoni mwa mpigaji. Dawa ya pili haina gharama, na ni ya adabu zaidi, kwani mzee haketishwi juani.

Usiku una hukumu yake. Kihisio kidogo cha CCD kikikosa mwanga hujaza picha chenga, na ngoma iliyopigwa kando ya moto huonekana kana kwamba inachezwa ndani ya mvua ya mchanga. Watengenezaji walileta hali ya usiku inayotumia miali isiyoonekana kwa macho. Hiyo huonyesha watu, lakini kwa rangi ya kijani, macho yaking'aa kama ya mizuka. Kwa mpelelezi hilo huenda likatosha. Kwa familia inayotaka kumkumbuka bibi akicheza, ni dhihaka. Taa ya karabai iliyotundikwa pahala pazuri huzaa matunda kuliko ufundi huo wote.

Lakini kipimo kikubwa zaidi ni sauti, na ndipo wahakiki wengi wa vyombo hivi walipopita haraka. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodiwa katika sahani za santuri. Sahani zile hazikuwa na picha inayotembea, na bado zimemfikisha kwa watu waliozaliwa baada ya kifo chake. Jamii inayohifadhi historia yake kwa ulimi, kama ilivyo kwa majirani wengi wa Mara, hupoteza kidogo picha ikififia, na hupoteza karibu yote sauti ikipotea.

Katika jambo hili kamera ya MiniDV ina utajiri ambao wengi wa wamiliki wake hawakuujua. Mkanda wake unaweza kubeba sauti ya biti 16 kwa sampuli 48,000 kila sekunde, kiwango kinachozidi kile cha sahani za muziki za CD, ambazo zina 44,100. Hata hivyo kamera nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimepangwa katika biti 12, na mwenye kamera asiyefungua orodha ya mipangilio alinasa kwa kiwango hicho cha chini mpaka kamera ikachakaa. Tena kipaza sauti cha ndani kimekaa jirani na mota inayozungusha mkanda, na upepo wa nyikani hukivumia bila huruma. Zaidi ya hayo, mashine hujirekebishia ukubwa wa sauti: mwimbaji akinyamaza, huinua mnong'ono wa majani, ngoma ikiingia, huikandamiza. Litungu la Wakurya wa Tarime, lenye nyuzi nane na mngurumo mzito, hutoka humo jembamba kama limefungiwa kopo. Kamera isiyo na tundu la kipaza sauti cha nje, kwa hiyo, haifai kwa kazi ya masimulizi hata picha yake iwe safi namna gani. Ile yenye tundu hilo, hata iwe ya bei ndogo, imepita mtihani.

Mkanda wenyewe una sifa ya nidhamu. Dakika 60 ni muda unaotosha kusikiliza bila kukata maneno, na mpigaji anayejua kwamba mkanda una mwisho hujifunza kuchagua. Wapo walioubana ufike dakika 90 kwa mwendo wa polepole. Wengi wao waligundua baadaye kwamba mkanda wa namna hiyo hukataa kuchezwa katika mashine nyingine, na kamera yao ilipokufa, ukafa nayo. Pembeni mwa kaseti kuna kidude kidogo cha kuzuia kufuta. Wasiokisukuma walihatarisha masimulizi ya babu yafunikwe na arusi ya mjukuu, na kosa hilo halina toba.

Leo simu za mkononi zimetwaa kazi hii, na mwezi Februari 2025 Sony ilikomesha utengenezaji wa kaseti za MiniDV. Simu huona vyema gizani kuliko kamera ile, na hutuma picha ng'ambo kabla msimuliaji hajanyanyuka. Lakini simu ikijaa hufutwa ili kupatikana nafasi, ilhali mkanda hukaa kabatini ukimngoja mtu. Kungoja huko nako kuna hatari. Vumbi, joto na unyevu vinaila sumaku ya mkanda, mashine za kuuchezea zinaadimika, na kompyuta nyingi mpya hazina tundu la waya uliokuwa ukihamisha tarakimu zake bila kuzipunguza. Saa moja ya mkanda huo ni takriban gigabaiti 13, mzigo mwepesi kwa vyombo vya sasa. Kinachokosekana ni mtu wa kuanza kabla ya mashine ya mwisho kunyamaza.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna kamera inayoweza kusifiwa au kulaumiwa kwalo. Waikoma wana pembe za ndovu ziitwazo Machaba, zenye heshima kubwa, ambazo masimulizi yao yanazihusisha na nabii wa Kitatoga. Chombo kisicho na akili hakiwezi kujua kipi ni cha kuonwa na wote, kipi ni cha wenyewe, na kipi hakifai kunaswa. Mpigaji ndiye anayepaswa kuuliza, na jibu la wazee likiwa hapana, kifuniko cha lenzi kirudi mahali pake. Kamera kubwa za filamu za wanyama zilizoea kuchukua na kuondoka. Ile ndogo haitakuwa na fadhila yoyote juu yake ikiwa nayo inachukua na kuondoka.

Hukumu yake, basi, ni hii. Kwa picha ni chombo cha wastani. Kwa usiku ni dhaifu. Kwa sauti ni hodari iwapo mwenyewe amejua kukipanga na kukisaidia. Fadhila yake kuu ni kwamba kiliweza kushikwa na mjukuu wa msimuliaji, anayeielewa lugha ya nyumbani na anayejua wakati wa kunyamaza. Kazi hiyo huwa imekamilika pale nakala inaporudi katika nyumba iliyotoa maneno, ikachezwa mbele ya waliomo, na mzee akapata kusema: hapo nilikosea jina, andikeni hili.