Kuficha Jambo Mchana Kweupe

Siku hizi nimekuwa nikisoma upya hadithi zetu za upelelezi: za Muhammed Said Abdulla, Faraji Katalambulla, Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Zimeniacha na hisia mchanganyiko. Zipo kurasa zilizonikesha, na zipo nilizozipekua haraka nikitamani zipite. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kutunga hadithi ya namna hii kunataka ufundi mkubwa, na kwamba ufundi huo hatujaupa heshima unayostahili.

Mtunzi wa upelelezi ana madeni mawili yanayovutana. Anatakiwa amfiche msomaji ukweli, na papo hapo amwonyeshe. Akimficha kabisa, amemdhulumu: muuaji anatokea mwishoni kama mgeni asiyealikwa, na msomaji anabaki na kinyongo. Akimwonyesha waziwazi, kitabu kimekwisha kabla hakijaanza. Njia iliyobaki ni nyembamba, nayo ni kuliweka jambo mchana kweupe, mahali ambapo macho yatalipita.

Tuchukue mfano. Mtunzi anataka tujue kwamba marehemu alikuwa na mgeni usiku ule. Mtunzi mchanga ataandika kwamba mpelelezi aliona vikombe viwili mezani, akashtuka. Fundi atampeleka mpelelezi jikoni kuomba kiberiti. Huko atamkuta mpishi akilalamika: sukari imepanda bei, kuni ni mbichi, mshahara haujalipwa, na bado vyombo vya jana vinamngoja, vikombe viwili na sahani moja. Msomaji anamhurumia mpishi, anapita. Kurasa 100 baadaye vile vikombe vinarudi kumsuta. Taarifa aliyopewa ilikuwa kamili, na bado hakuiona. Hapo ndipo msomaji anapocheka peke yake na kurudi nyuma kuhakiki, na hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtunzi.

Mwaka 1929 kasisi Mwingereza aliyeitwa Ronald Knox, naye mtunzi wa hadithi hizi, aliandika kanuni 10 za kuzitunga. Mojawapo inakataza mizimu na nguvu za kiza kutumika kutatua fumbo. Nyingine inamtaka rafiki wa mpelelezi, yule anayetusimulia, asifiche lolote linalompitia akilini. Sijui kama Muhammed Said Abdulla alipata kuzisoma, lakini riwaya yake ya kwanza inakaa vizuri ajabu ndani ya kanuni hizo. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya utunzi ya East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa mwaka 1960. Tajiri mwenye shamba anauawa, na maiti yake inakutwa penye mzimu ambao watu wanauogopa. Kila mtu ana jibu tayari. Anayekataa jibu hilo ni Bwana Msa, mtu wa kiko na subira, akiwa na rafiki yake Najum. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alisema nini, nani anafaidika. Ule woga wa mzimu, ambao kwa mtunzi mwingine ungekuwa pambo la kutisha, hapa unakuwa pazia ambalo binadamu amejificha nyuma yake.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, na kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari alifanya kazi ya ukaguzi wa afya. Napenda kuamini kwamba kazi ile ilimzoeza kuingia nyumba za watu na kutazama bila haraka, kwa maana nyumba zake zinaishi. Watu wake wanabishana, wanasalimiana kwa kirefu, wanakwepa swali kwa adabu, na katika kukwepa huko ndimo mna ushahidi. Kiswahili chao ni kitamu kiasi kwamba msomaji anasahau kupeleleza.

Hata hivyo sikuridhika na kila kitu. Abdulla anapenda mno siri za nasaba. Ukisoma vitabu vyake vitatu mfululizo, unaanza kushuku mapema kwamba fulani atabainika kuwa mtoto wa fulani. Na mwishoni Bwana Msa anapokaa kutufafanulia, maelezo yanarefuka, na baadhi ya aliyokuwa akiyajua hatukupewa nafasi ya kuyajua. Katika sehemu hizo nilihisi nimepunjwa, na mtunzi mwenye kipaji kama chake hakuhitaji kupunja.

Katalambulla, kwa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliihamisha kazi hii kutoka mashambani Unguja hadi mjini Dar es Salaam, akampa polisi wa kazi badala ya bwana mwenye nafasi. Kitabu ni kifupi na kikavu, hakina utamu wa mazungumzo ya Abdulla. Nilichokipenda ni kwamba aliichukua simu, chombo ambacho enzi zile wachache walikuwa nacho nyumbani, akaiingiza ndani ya hofu ya msomaji wake. Kuchagua kifaa kimoja cha kisasa na kukibebesha hadithi nzima ni ushujaa wa kitunzi.

Kwa Musiba mambo yanakwenda mbio. Mpelelezi Willy Gamba wa Kufa na Kupona, iliyotoka mwaka 1974, hakai na kiko akatafakari: anapanda ndege, anapigana, anatoroka. Nyuma ya mbio hizo upo ukweli wa wakati ule. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wapelelezi wa makaburu wa Afrika Kusini na wa Wareno hawakuwa watu wa kubuniwa tu. Msomaji aliyeshika kitabu hicho mwaka 1974 alikuwa akiusubiri uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, uliopatikana mwaka uliofuata. Ndiyo maana kila ngumi ya Gamba ilimpa raha. Mimi ninayesoma leo raha hiyo naipata nusu. Gamba haogopi, na mtu asiyeogopa hanitii wasiwasi. Wanawake wanaingia kupambwa kwa maneno na kutoka bila kuwaza lolote. Maadui ni wengi, wanakufa kwa wepesi, na hakuna anayewalilia.

Mtobwa ndiye aliyenishangaza zaidi. Katika Tutarudi na Roho Zetu? adui ni yuleyule, utawala wa makaburu, na mpelelezi wake Joram Kiango ana mengi ya Gamba: sura, mbinu, bahati. Lakini Mtobwa anazijali sentensi zake. Anajua kusimama katikati ya hatari na kumtazama mtu akiwaza. Alama ya kuuliza katika jina la kitabu inatimizwa ndani: wahusika wenyewe hawana hakika ya kurudi. Kasoro za wenzake anazo pia, hasa ile ya kukutanisha watu kwa bahati pale njama inapomkwama, lakini mashaka anayoyapanda ni mashaka ya kweli.

Vitabu hivi tumeviita fasihi pendwa, na mara nyingi kwa sauti ya kuvishusha. Vimewafundisha wengi kumaliza kitabu. Kupendwa huko hakukuja bure. Kulitokana na kazi ya kupanga, kupima na kuficha ambayo riwaya nyingi zinazosifiwa zisingeiweza. Tena kasoro zake zinarekebishika. Mwanamke anaweza kupewa akili. Bahati inaweza kubadilishwa kuwa sababu.

Kwa wachapishaji, ninaomba vitabu hivi virudi madukani vikiwa vimehaririwa kwa uangalifu. Kwa kijana anayeandika upelelezi leo, kwenye gazeti au kwenye simu yake, nina neno moja: jua mwisho wako kabla hujaandika mwanzo, kisha mpe msomaji kila kitu unachokijua, uwe tu fundi wa kukiweka. Ukimtendea haki, atakusamehe mengine yote.