Magonjwa ya Akili: Nani Kashika Ufunguo?



Kila ninapofundisha mada ya magonjwa ya akili huku ughaibuni, neno moja hunitatiza: "jadi". Katika vitabu vya huku, mkabala wa jadi ni wa daktari: kuna ugonjwa, una jina, una dawa. Kwetu pwani, jadi ni pepo, husuda, ngoma na mganga. Halafu wapo wahakiki, ambao huuliza: nani kampa mtu huyu jina la mwendawazimu, na kwa faida ya nani?

Mimi nilikuwa wa kundi hili la tatu, na sababu nilikuwa nayo. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau: watu waliodai ardhi yao wakageuzwa watu waliovurugika nafsi. Hiyo ndiyo ilikuwa sayansi, jamani!

Fanon, aliyekuwa daktari wa akili Blida, Algeria, alimjibu katika kitabu chake cha 1961. Mwaka huo huo Foucault alitoa historia yake ya wazimu Ufaransa, na Szasz akaandika Marekani kwamba ugonjwa wa akili ni hekaya. Kilichopo ni matatizo ya kuishi. Tulivisoma vitabu hivi kwa pupa.

Lakini tulivisoma nusu nusu. Szasz hakumkataza mtu kumwendea daktari kwa hiari yake. Alichopinga ni nguvu ya serikali kumfungia mtu kwa jina la tiba, na mwaka 1955 hospitali za akili za umma Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya nusu milioni. Sasa ichukue hoja hiyo, ipeleke kijijini kwetu. Huko mnyororo hauko hospitali. Uko chumba cha uani, au kwa mganga. Tatizo si daktari aliyezidisha mamlaka, ni daktari asiyekuwepo.

Haya nayasema kwa kuwa yalinikuta. Mtoto wa ami yangu alianza kusikia sauti akiwa kijana. Mama zetu wakasema pepo. Mimi nikapiga simu, vitabu vyangu viko mezani, nikawaambia wasimpeleke hospitali, wataenda kumbandika jina tu. Basi msomi na mganga tukakubaliana bila hata kujuana. Kijana akakaa kwa mganga miaka miwili, mguu umefungwa. Alipopata dawa hatimaye, na sauti zikapungua, aliniuliza swali moja tu: "Kaka, wewe ulijua kuna dawa?" Sikuwa na la kumjibu.

Je, nirudi kwa daktari kichwa chini? Hapana. Dawa zenyewe zimemnenepesha na humlaza hadi mchana, na akilalamika huambiwa ndiyo ugonjwa unasema. Hapo ndipo uhakiki una kazi yake halali: kumsikiliza mgonjwa pale wengine wanaposikia ugonjwa tu.

Njia iliyonishawishi zaidi ni ya Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria, kule Aro, Abeokuta, miaka ya 1950. Wagonjwa walipangishiwa nyumba katika vijiji jirani na hospitali, kila mmoja na jamaa yake, wakapata tiba ya kisasa huku wakiishi kama watu. Waganga wa kienyeji nao waliitwa kushirikiana. Lambo hakutupa dawa kwa sababu imetoka kwa Mzungu, wala hakuwacheka wazee.

Kwa hiyo, waungwana, kabla hatujauliza mkabala upi ni wa kikoloni na upi ni wetu, tuulize: nani kashika ufunguo wa mnyororo, na yule aliyefungwa kaulizwa? Mkabala usioweza kujibu hayo, uwe wa Ulaya au wa babu zetu, mimi siuungi mkono tena. Na wangu wa zamani umo.

Naomba kukosolewa. Wasalaam.