Kitako cha Ganda la Risasi

Kwenye vilima vya Kondoa, na hata kusini kwenye mabaki ya boma la Wajerumani huko Kilimatinde, mvua ikikolea huosha udongo na kufichua maganda ya risasi. Wapita njia huokota, husema "hii ya Mjerumani", wakatia mfukoni. Anayeijua kazi ya kuyatambua hana haraka hiyo.

Kwanza hasugui ganda. Kutu ya kijani imeshikana na shaba, na ukiikwangua kwa mchanga au ndimu unaondoka na herufi zilizopigwa kitakoni, nazo ndizo unazozitafuta. Maji safi, mswaki laini, kivuli cha kukaushia, basi.

Kisha vipimo. Urefu peke yake hudanganya, maana ganda la .303 la Waingereza lina milimita 56 na ushei, na la Mauser la Wajerumani lina 57; mdomo ukibonyea kidogo tu, tofauti imepotea. Ndiyo maana macho hurudi kitakoni. Kitako cha .303 kina ukingo uliotokeza, upana wake kama milimita 13.7. Cha Mauser kimelingana na mwili wa ganda, na juu yake kuna mfereji wa kushikwa na ndoano ya bunduki. Lipo na la tatu, nene, la milimita 11: la Mauser ya 1871, bunduki ya baruti nyeusi iliyofuka moshi hata adui akajua ulipojificha. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado nayo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya taa. Huwekwa chini, ubavuni, mwanga ukatambaa juu ya kitako, na herufi zilizolala miaka mia na zaidi zikaanza kutupa vivuli. K ni kiwanda cha Kynoch, Birmingham. KF ni kiwanda cha Kirkee, India. Kitako cha Kijerumani mara nyingi hugawanywa robo nne: kiwanda, mwezi, mwaka, na alama kama S67, yaani shaba nyekundu ni asilimia 67 ya mchanganyiko.

Hapo mwenye pupa angefunga daftari. Usiku wa tarehe 9 Mei 1916 majeshi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yalivishambulia vikosi vya Afrika Kusini vya Jenerali van Deventer vilivyojichimbia Kondoa. Ukiokota .303 pale, utasema alifyatua Mwafrika Kusini. Lakini Novemba 1914, huko Tanga, Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za Waingereza na risasi zaidi ya nusu milioni, wakazitumia. Ganda la Birmingham laweza kuwa limefyatuliwa na askari wa Mjerumani. Kwa hiyo mtambuzi makini huandika majibu mawili tofauti: nani alilitengeneza, na nani alilifyatua. Kwa swali la pili hutazama lilipolala, mengine mangapi yako jirani, na alama ya pini kwenye fataki. Na kama mwaka uliopigwa ni 42, vita vya Kondoa vimetoka kwenye hesabu. Huenda ni mwindaji tu.

Kazi hii yastahili heshima pia kwa sababu vita vile havikuishia kwenye mahandaki. Majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe wa Wagogo, na njaa iliyofuata wanaiita Mtunya hadi leo. Ganda lenye mwaka na mahali pake ni ushahidi wa kuweka kando ya simulizi za wazee.

Basi ukiliona, lipige picha lilipo, pande zote, andika mahali, uliache, kisha uwaarifu watu wa mambo ya kale. Na kama lina risasi bado mdomoni, usiliguse: waite polisi.