Ufundi wa Kumngoja Mwimbaji

Katika kundi la mariachi la Meksiko, mtu wa kumtazama ni mpigaji wa gitaroni. Wengi humpita kwa macho: fidla ni nyingi, tarumbeta zinang'aa, na mwimbaji ndiye aliyeandikwa jina kwenye tiketi. Yeye amesimama pembeni, amelikumbatia gitaa lile lenye tumbo kubwa, na mkono wake wa kulia unavuta nyuzi mbili kwa mpigo mmoja, sauti nene na nyembamba yake, ili besi ifike mbali bila msaada wa umeme. Shingo ya gitaroni haina vigawanyo vya chuma. Kidole kikiteleza kidogo tu, wimbo mzima unayumba. Hata hivyo vidole vyake hana habari navyo. Macho yake yako mgongoni kwa mwimbaji.

Anachokivizia hapo ni pumzi. Mwimbaji wa ranchera, nyimbo za kimapokeo za huko, akifika ukingoni mwa mstari hukaa, akaivuta silabi, akaiachia ipande, au akanyamaza kabisa kabla ya neno la mwisho. Atakaa kwa muda gani, pengine hata mwenyewe hajui. Mariachi hawana ngoma ya kuwahesabia, wala mwongozaji mwenye fimbo. Mabega ya mwimbaji yakishuka, gitaroni linaangusha noti moja, gitaa dogo la vihuela linaitikia, fidla zinaingia, na watu kumi na zaidi wanakuwa wametua pamoja mahali ambapo hapakuandikwa popote. Wanamsindikiza kama mama anayemwacha mtoto ajaribu kutembea: mikono iko karibu, lakini haimshiki.

Ufundi huo wa kumngoja mtu ndio ninaotaka kuusifu, na simjui aliyeutumia kwa ukaidi zaidi kuliko mwimbaji wa Meksiko, Juan Gabriel.

Huku kwetu, Meksiko tuliijua zaidi kwa tamthilia, midomo ikisema Kihispania na sauti ikitoka kwa Kiingereza. Aghalabu ni wimbo wa mwanzo tu ulioachiwa lugha yake, na watu wakaupenda bila kuuelewa. Kwa Wameksiko wenyewe, mtu aliyewaandikia nyimbo za kupendwa hivyo kwa wingi usiohesabika ni huyu aliyezaliwa Alberto Aguilera Valadez, huko Parácuaro, jimbo la Michoacán, mwaka 1950, mtoto wa mwisho katika nyumba ya watoto kumi. Baba alipougua akili, mama alihamia Ciudad Juárez, mpakani na Marekani, akafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Kitinda mimba akapelekwa shule ya bweni ya watoto wasio na pa kulelewa, naye akakaa humo kwa miaka mingi.

Humo alimkuta Juan Contreras. Ni jina ambalo historia ya muziki ingelisahau bila shida: fundi wa mabati aliyekuwa akiwafundisha watoto kazi za mikono, na aliyejua gitaa. Alimfundisha yule mtoto vyote viwili. Kijana alipotoroka shuleni akiwa na miaka kumi na mitatu, hakukimbilia kwingine. Alikwenda kuishi kwa fundi wake, wakatengeneza vitu vya kuuza ili wale. Miaka ikapita, akapanda jukwaani kwa jina la Adán Luna, akaimba kwenye baa ya Noa Noa, akafungwa gerezani jijini Mexico kwa wizi aliosema hakuutenda, akatoka. Mwaka 1971 alipopata nafasi ya kurekodi, alichagua jina jipya. Akachukua Juan, la fundi wake, na Gabriel, la baba yake.

Mimi hapo husimama kila ninapozisoma habari zake. Viwanja vilivyokuja kulipiga kelele jina hilo, magazeti yaliyolichapa, santuri zilizouzwa kwa mamilioni, vyote vilikuwa vikimtaja fundi wa mabati bila kujua. Zamani mwanagenzi alimlipa mwalimu wake kwa namna kama hiyo: anabeba jina lake mpaka kaburini. Siku hizi kijana hujifunza kupiga kinanda kwa video za simu, na akiulizwa nani alimfundisha hana wa kumtaja. Amejua kupiga, hilo sikatai. Lakini hajawahi kukaa mbele ya mzee anayemwambia, subiri, bado.

Juan Gabriel alianza kama mwimbaji wa pop. Mariachi walimjia baadaye kidogo, mwaka 1974, aliporekodi albamu na Mariachi Vargas de Tecalitlán, kundi lililoanzia kwenye mji mdogo wa Jalisco mwishoni mwa karne ya 19. Ungeweza kudhani ni mchezo wa msimu mmoja. Ranchera ilikuwa mali ya wanaume wa farasi na bastola, wenye sauti za kuamrisha. José Alfredo Jiménez, mtunzi na mwimbaji wake mkubwa, alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla, na nafasi yake ilionekana kubwa mno. Huyu kijana alikuja na sauti ya kubembeleza, kiuno chepesi, na huzuni isiyoona haya. Aliwaomba mariachi wamsubiri zaidi ya walivyozoea, nao walikuwa wanajua kusubiri tangu zamani.

Walijifunzia mtaani. Katika Plaza Garibaldi jijini Mexico, mteja hulipia wimbo mmoja mmoja, na mara nyingi mteja ndiye anayetaka kuimba. Huja mlevi aliyeachwa na mke, huja mchumba anayetetemeka, huja wana wa marehemu. Hawajui ufunguo wa sauti wala mapigo. Huanzia popote, huruka mstari, hurudi nyuma, hulia katikati. Mariachi aliyefuzu hubeba mamia ya nyimbo kichwani, na zaidi ya nyimbo hubeba uvumilivu wa kumtafuta mtu huyo alipopotelea na kumrudisha njiani bila kumwaibisha. Mwaka 2011 UNESCO iliuingiza muziki wa mariachi katika orodha ya urithi wa binadamu. Ningependa kuamini kwamba walichokuwa wakikitunza ni uvumilivu huo, zaidi ya kofia na vifungo vya fedha.

Mei 1990 Juan Gabriel aliupeleka ufundi huu mahali ambapo haukutarajiwa, Palacio de Bellas Artes, jumba la marumaru la opera ambalo pazia lake ni la vioo vya rangi vyenye picha ya volkano mbili. Walinzi wa sanaa tukufu walilalamika: mwimbaji wa baa za mpakani anatafuta nini humu? Alisindikizwa na Orkestra ya Taifa ya Simfoni, mwongozaji akiwa Enrique Patrón de Rueda, na mapato yakaenda kwa orkestra hiyo. Ukiitazama rekodi ya maonyesho yale utaona kitu cha ajabu. Wapigaji waliozoea kufuata noti zilizoandikwa wanalazimika kuinua macho. Mwimbaji anasimama, anazunguka, anarudia neno, anawaachia watazamaji mstari mzima, na orkestra ya taifa inafanya kile ambacho mpigaji wa gitaroni wa Garibaldi hukifanya kila usiku kwa mlevi: inangoja.

Ziara yake ya mwisho, MéXXIco Es Todo, ilikuwa ya mtu wa miaka 66. Tarehe 26 Agosti 2016 aliimba katika ukumbi wa The Forum, Inglewood, jirani na Los Angeles, mbele ya maelfu ya watu ambao pengine wengi wao walivuka mpaka ule ule aliokulia kandokando yake. Jukwaani mlikuwa na mariachi, waimbaji wa kuitikia, wachezaji, umati mzima wa watu wa kulipwa, kulishwa na kusafirishwa. Mhasibu yeyote wa leo angeanza kukata majina. Siku mbili baadaye, tarehe 28, alikuwa aimbe El Paso, ng'ambo ya daraja kutoka Juárez. Mchana ule moyo ulisimama, akiwa Santa Monica. Mji uliomlea ulikuwa umejiandaa kumsikiliza jioni ile.

Ziara za namna hiyo zinazidi kuwa ngumu kuzipata. Siku hizi katika maonyesho mengi makubwa kila mpigaji huvaa kidude sikioni, na ndani yake mlio unahesabu mapigo tangu wimbo uanze hadi uishe. Taa zimefungwa kwenye hesabu hiyo, picha za skrini vilevile, na sauti za fidla zilizorekodiwa studio hujaza pale ambapo wapigaji ni wachache. Kila kitu kinatua kwa wakati, Madrid kama Chicago. Mariachi huletwa mwishoni kwa nyimbo tatu nne, wamevaa vizuri, wamepangwa vizuri, na macho yao yako mbele, kwa watazamaji. Mgongo wa mwimbaji hauna tena habari ya kuwapa. Akitaka kukaa juu ya silabi, hawezi. Mlio utampita, na picha ya machweo itatokea nyuma yake yeye akiwa bado yuko mchana.

Wala tusiwanyooshee kidole Wameksiko peke yao. Katika taarabu yetu, mtu akiguswa na ubeti aliinuka kwenda kutunza, na mwimbaji akaurudia mpaka wote wenye la kutoa wamalize. Fidla, ganuni na moyo wa mpigaji vilizunguka pale pale, vikimngoja mama wa mwisho mwenye noti yake mkononi arudi kitini. Leo mara ngapi tumekaa harusini, mwimbaji kapewa kipaza sauti, CD imewekwa, na mtu anayeinuka kutunza anakuta ubeti wake umeshapita? Anatoa fedha yake kwa ubeti mwingine ambao haukumgusa. Tumelipia muziki usioweza kutusubiri, kisha tunashangaa kwa nini hatulii tena.

Nitaambiwa mariachi hawajafa, na ni kweli. Shule za Texas zinafundisha watoto vihuela na fidla, na Garibaldi bado ina watu. Tena Agosti 2019, baada ya mtu mwenye bunduki kuwaua watu dukani El Paso, waombolezaji waliokusanyika waliimba Amor eterno, wimbo wa Juan Gabriel ambao Wameksiko huuimba makaburini na kwenye siku ya mama. Mariachi walikuwepo. Hawakuhitaji jukwaa wala nyaya. Watu wanaolia hawawezi kuimba kwa mapigo sawa, na pale pale ule ufundi wa mtaani ukafanya kazi iliyouzaa: kuwatafuta walipokatikia, kuwarudisha kwenye mstari.

Ninacholilia ni kwamba ufundi huu tumeuacha ubaki na waliofiwa na walevi, watu wasio na uwezo wa kukodi mitambo. Penye fedha nyingi zaidi, kwenye ziara zinazozunguka dunia na tiketi zinazopanda bei kila mwaka, ndipo ulipotolewa kwanza, eti kwa kuwa unagharimu na hautabiriki. Juan Gabriel aliweza kuutembeza mpaka siku mbili kabla ya kufa, kwa sababu alikuwa tayari kuwalipa watu wengi wamwangalie yeye anapumuaje. Warithi wake wana sauti, na baadhi yao wana sauti nzuri kuliko yake. Lakini mmoja wao akizidiwa na machozi katikati ya mstari, hakuna atakayesimama naye, kwani mashine haijafundishwa na fundi yeyote kusema: subiri, bado.