Chombo, Rubani na Abiria: Walenisi ya Katama Mkangi na Filamu ya Safari ya Angani Inayongojewa

Filamu ndefu ya Kiswahili yenye kusimulia safari ya anga za juu ingali inangojewa. Mahali pengi kungoja huko hakungekuwa na ajabu, kwa kuwa hadithi za namna hiyo hutoka mbali na hutazamwa kama mambo ya mbali. Katika pwani ya Malindi na Kilifi, hata hivyo, kuna kinaya. Pwani hiyo ina vitu viwili ambavyo filamu kama hiyo ingevihitaji: ina mahali ambapo roketi zilirushwa kwa zaidi ya miaka 20, na ina riwaya. Mahali penyewe ni Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi. Riwaya ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mzaliwa wa Kilifi. Makala haya yanakusudia kuvisoma viwili hivyo kwa pamoja, na kuuliza filamu hiyo, itakapokuja, ipimwe kwa kigezo gani.

Kati ya 1967 na 1988, Waitaliano kwa kushirikiana na Wamarekani walirusha satelaiti tisa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini mkabala na kijiji cha wavuvi cha Ngomeni. Ya kwanza iliruka tarehe 26 Aprili 1967, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Roketi zilikuwa za Kimarekani, aina ya Scout. Mradi uliasisiwa na Profesa Luigi Broglio wa Roma, na kituo kilichobaki nchi kavu sasa kinaitwa kwa jina lake. Mahali palichaguliwa kwa sababu za kimaumbile. Pako takriban nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi inayoelekea mashariki msukumo wa bure, na mashariki yake ni bahari tupu ambamo vipande vinaweza kuanguka bila ya kumdhuru mtu. Maneno hayo mawili, "bure" na "tupu", ni ya wahandisi. Mvuvi wa Ngomeni asingeyatumia kuielezea bahari yake.

Satelaiti iliyo mashuhuri kuliko zote ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya iliadhimisha miaka saba ya kujitawala, nayo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota, na habari ilizozileta zilichangia kuwaelekeza wanafalaki kwenye kile ambacho leo kinakubaliwa kuwa shimo jeusi katika kundinyota la Cygnus. Hivyo neno la Kiswahili liliingia katika vitabu vya elimu ya nyota robo karne kabla ya Walenisi kuchapishwa. Lakini ni neno tu lililosafiri. Satelaiti haina abiria, na walioitazama ikipaa kutoka ufukweni hawakuulizwa iende wapi. Wala mambo hayajabadilika sana kwa upande huo: Kenya ilipopata satelaiti yake ya Taifa-1, ilirushwa kutoka California mwezi wa Aprili 2023, si kutoka Ngomeni.

Msomaji wa pwani anayo maneno ya kuliwekea jambo hili, na ni maneno ya zamani kuliko roketi. Chombo, kabla hakijaambiwa cha angani, kilikuwa jahazi. Rubani, kabla hajakaa mbele ya ndege, alikuwa mjuzi wa njia za bahari anayechukuliwa ili avushe chombo cha wengine. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani wa kumfikisha Calicut. Wanahistoria hawajaafikiana mtu huyo alikuwa nani, na kutoafikiana huko kwenyewe kunasema mengi. Chombo kilipata jina katika historia, nahodha akapata mnara Malindi, rubani akabaki bila jina. Kwa hiyo swali la mhakiki mbele ya hadithi yoyote ya safari ya angani iliyoandikwa kwa Kiswahili si kwamba chombo kinafika sayari gani, bali ni nani aliyekipanda, kwa amri ya nani, na usukani uko mkononi mwa nani.

Kwa swali hilo Walenisi ina jibu la kushtusha. Mhusika mkuu, Dzombo, amehukumiwa kifo na watawala wa nchi yake kwa sababu ya kuwapinga, na chombo cha angani ndicho kitanzi chake. Anafungiwa ndani na kurushwa ili apotelee huko. Riwaya nyingi za kisayansi za Ulaya na Marekani humchagua msafiri wa anga kwa sifa zake: ni rubani hodari, ni mtaalamu, ni shujaa anayeagwa kwa bendera. Mkangi amemchagua kwa kosa lake. Mashine iliyo ya kisasa kuliko zote nchini haikutumiwa kutafuta elimu wala mali. Imetumiwa kumwondoa raia anayesema.

Uzito wa uteuzi huu huonekana zaidi ukiwekwa kando ya mapokeo. Fasihi ya Kiswahili imezoea safari ya mbinguni kwa karne kadhaa, kupitia tendi na kasida za Miraji ambazo Waislamu wa mwambao huzisoma katika mwezi wa Rajabu. Kulinganisha hapa ni kwa upande wa fani tu. Katika masimulizi hayo msafiri amealikwa. Ana mwenyeji anayemngoja, ana kiongozi anayemjua kila mlinda mlango, ana kipando kilicholetwa kwa heshima yake. Dzombo hana hata kimoja. Kupaa kwake ni kufukuzwa. Mwandishi ameichukua njia ambayo hadhira yake inaihusisha na utukufu, akaigeuza kuwa njia ya kupelekea maiti, kisha akamwachia mhusika kazi ya kuirudishia maana. Na hapo ndipo riwaya inapofikia kilele chake cha kwanza: aliyefungiwa ili afe anajifunza kukiendesha kilichomfungia. Abiria anakuwa rubani. Chombo hakibadiliki hata kidogo, ila mwenye kukielekeza.

Ni vigumu kuyasoma haya bila kukumbuka kwamba Mkangi, mwanasosholojia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila ya kufikishwa mahakamani. Uhakiki unaoigeuza riwaya kuwa wasifu wa mwandishi haufai, na Dzombo si Mkangi. Hata hivyo, chumba chembamba, mlango unaofungwa kutoka nje, saa zisizo na mchana wala usiku, na mtu anayelazimika kuitunza akili yake kwa kuipa kazi, ni mambo ambayo mwandishi huyu hakuhitaji kuyasoma katika vitabu vya Jules Verne. Kinachoitwa bunilizi ya kisayansi katika Walenisi kina mizizi katika seli.

Chombo kinatua Walenisi, jamii ya usawa ambayo jina lake, likikatwa vipande, linasomeka "wale ni sisi". Hapa lazima isemwe wazi kwamba sehemu hii ya riwaya haina nguvu ya ile ya kwanza. Mwalimu anamshinda msanii. Mazungumzo yanarefuka, kila swali la Dzombo linapata jibu kamili mno, na wenyeji wa nchi hiyo wanazungumza kama watu waliokwisha kuafikiana kabla ya msomaji kufika. Hii ni kasoro ya njozi karibu zote za jamii kamilifu tangu Thomas More, na kumtetea Mkangi kwa hoja hiyo ni kumtetea nusu tu. Katika Mafuta (1984) alijua kuonyesha unyonyaji kwa istiara iliyojitosheleza. Katika Walenisi istiara ya chombo inajitosheleza, istiara ya nchi inahitaji kuelezwa.

Filamu ingeweza kuiponya kasoro hii, au kuizidisha. Hatari kubwa ni pambo. Mtengenezaji anayeichukua riwaya hii atashawishika kuijenga Walenisi kwa majumba ya vioo na magari yanayopaa, kama ambavyo mtazamaji amezoeshwa kuiona kesho. Akifanya hivyo atakuwa ameliua jina. Kama wale ni sisi, basi nchi ile sharti iwe hii. Walenisi ingepaswa kupigwa picha Kilifi kwenyewe, penye minazi na mikorosho ile ile, katika njia zile zile ambazo mtazamaji amemwona Dzombo akikamatwa, na waigizaji wale wale waliokuwa maaskari na mahakimu wakirudi kama majirani. Mtazamaji angeachwa atafute tofauti mwenyewe, na angeitafuta katika namna watu wanavyosalimiana, wanavyogawana samaki, wanavyosikiliza. Hotuba nyingi za riwaya zingekuwa hazina kazi. Zingekatwa, na hasara isingekuwa kubwa.

Hatari ya pili ni kicheko. Mzambia Edward Makuka Nkoloso alipotangaza mwaka 1964 kwamba angewapeleka wananchi wake mwezini, vyombo vya habari vya nje vilimfanya kichekesho, na ilipita miaka mingi kabla ya Nuotama Bodomo kumtazama kwa makini katika filamu fupi ya Afronauts (2014). Mwafrika katika chombo cha angani bado huonwa na wengi kuwa mzaha unaosubiri kuangukiwa na ukweli. Walenisi ina kejeli nyingi, lakini kejeli yake huwaelekea waliokirusha chombo. Filamu itakayomcheka aliyemo ndani itakuwa imeshika upande wa mahakama.

Kwamba kazi hii inawezekana si jambo la kubishaniwa tena. Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu haitoki nje ya dunia, lakini jamii yake iliyofungiwa ndani ya kuta baada ya vita vya maji, ambamo jasho na mkojo husafishwa vinywewe tena, inaishi kama mabaharia wa angani. Kahiu alionyesha kwa dakika 20 hivi kwamba bunilizi ya kisayansi ya Afrika Mashariki inaweza kusimama juu ya mwili wa mtu mmoja anayeamua kutoka. Jina la filamu ni la Kiswahili. Lugha yake ni Kiingereza. Kwa upande mwingine, Amil Shivji aliichukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi na kuifanya filamu (2021) ambayo wahusika wake wanasema Kiswahili, na ikaoneshwa hadi Toronto. Kazi ya kwanza ina anga bila lugha, ya pili ina lugha na nchi kavu. Mtu wa kuziunganisha hajaonekana bado.

Lugha si jambo dogo katika suala hili. Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki wamezijua filamu za roketi na sayari katika vibanda vya video, zikisimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu wa Dar es Salaam na baadaye DJ Afro wa Kenya. Wahakiki wa fasihi wamechelewa kuuheshimu usanii huo. Msimulizi wa kibandani huwapa wahusika majina mapya, huwatania, huwahukumu, na hukipeleka chombo cha wengine anakotaka yeye. Ni rubani wa filamu asiyeandikwa jina popote. Watazamaji aliowalea hawatavumilia Kiswahili cha kamusi ndani ya chombo cha Dzombo. Istilahi zipo, mwanaanga na roketi na satelaiti, wala hazina tatizo. Lakini mtu aliyefungiwa peke yake, akiiona dunia ikidogoka, hatasema istilahi. Atasema kama walivyosema wazee wake chombo kilipopotea njia usiku wa kusi: atataja upepo, atataja nyota kwa jina alilofundishwa, atamtaja mama yake.

Kipimo cha kwanza cha filamu hiyo basi kitasikika kabla ya injini kuwaka, jina la mhukumiwa litakapoitwa mahakamani. Mkangi aliliandika kwa dz, sauti ambayo Kiswahili sanifu hakina na ambayo Mmijikenda yeyote huitamka bila taabu; ni jina pia la mlima ulioko Kwale. Masikio ya pwani hayakosi kusikia ndani yake neno "chombo". Hakimu wa filamu, akiwa mtu wa mbali, yamkini atasema "Jombo", na karani wa mahakama, kijana wa Kaloleni, atainua kichwa amtazame mshitakiwa.