Joto Likikosa Mlango

Kiroba kilimwagwa katikati ya darasa, na vumbi la pamba likapanda hadi kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa mabaki ya fundi cherehani: ncha za vitenge, mikato ya sare za shule, shingo za fulana, mkono mmoja wa sweta la mtumba. Fundi alizoea kuyachoma kila Jumamosi nyuma ya kibanda chake. Mwalimu alimwomba amwekee, naye akaweka wiki tatu mfululizo bila kuuliza ni ya nini.

"Tenganisheni," mwalimu akawaambia watoto.

Hakusema kwa kigezo gani. Nilikuwa nimeketi kwenye dawati la nyuma, darasa la tano, katika shule moja ya msingi mjini Morogoro, nikadhani amepitiwa. Watoto wakaanza na rangi: vyekundu huku, vya buluu kule. Mwalimu akasubiri mpaka wakamaliza, akayasifu mafungu yao, kisha akawasha mshumaa. Kwa koleo akashika kipande cha buluu, akakisogeza motoni. Kikawaka taratibu, kikanuka kama karatasi inayoungua, kikaacha jivu laini lililopeperuka kwa pumzi. Akachukua kipande kingine kutoka fungu lilelile. Hicho kilijikunja, kikayeyuka, kikatoa moshi mweusi, na ncha yake ikaganda kuwa tone gumu kama shanga.

"Rangi moja," akasema. "Je, hawa ni ndugu?"

Darasa likachangamka. Mafungu ya rangi yakavunjwa bila mtu kuamrisha, watoto wakaanza kuvivuta vitambaa, kuvikunja ngumini, kuvinusa. Cha kwanza kilitoka shambani, mwalimu akaeleza, kwenye mche wa pamba. Cha pili ni polista, nacho kilitoka kisimani, kwenye kisima cha mafuta. Mvulana mmoja akaivuta kola ya shati lake akaitazama kwa muda mrefu. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani siku hizi ni polista, lakini hilo nalisema mimi. Mwalimu hakulisema. Alikuwa amekwisha kumpa yule mvulana kitu cha kufikiri, akamwachia.

Nimehudhuria masomo kadhaa ya mazingira ambamo chupa za plastiki hukatwa, hupakwa rangi, hupandwa maua na kupigwa picha. Ikifika likizo, jua limezipasua na zimerudi jalalani. Siyadharau; mikono ya watoto ina haki ya kufurahi. Linalonisumbua ni kwamba mtoto huondoka akiamini kuwa chungu cha maua ndicho jibu la joto la dunia, na hakuna aliyemwonyesha uhusiano wa viwili hivyo. Kazi ya mwalimu huyu ni ya namna nyingine. Kile anachokitengeneza kwa matambara ndicho kitakachobeba somo, na neno "tabianchi" halitajwi mpaka kitu hicho kiwe kimekamilika, kimetumika, na kimeleta swali.

Kitu chenyewe ni kapu la kupikia. Si jambo geni duniani. Chakula huchemshwa motoni kwa muda mfupi, kisha sufuria hutolewa na kufukiwa ndani ya kapu lililojazwa kitu kinachozuia joto, na chakula huendelea kuiva chenyewe bila kuni wala mkaa. Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, lilionyeshwa sanduku la namna hiyo kutoka Norwe. Wakati wa vita vikuu, familia za Ulaya zilizokuwa na uhaba wa makaa zilipikia katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu. Mwaka 2008 Sarah Collins wa Afrika Kusini, akisumbuliwa na mgao wa umeme nchini mwake, alianzisha mfuko wa kitambaa wa aina hiyo uitwao Wonderbag. Na jirani zetu Kenya, vikundi vya kina mama hulitengeneza kwa kikapu cha sokoni na mablanketi yaliyochakaa.

Kwa hiyo mwalimu hakubuni kapu. Alichobuni ni mpangilio, na ndio ninaotaka kuueleza kwa utulivu, kwa sababu niliutazama kwa siku nne na kila siku niligundua kitu nilichokuwa nimekipita jana yake.

Siku ya pili ilikuwa ya mito. Kila kundi lilipewa kapu la ukili lenye mpasuko au mkono uliokatika, la aina inayotupwa, na kitambaa cha kushonea mito miwili: mmoja mrefu wa kuzunguka ubavuni, mwingine wa duara wa kufunika juu. Watoto walikata matambara vipande vidogo na kuanza kujaza. Wavulana wa kundi la karibu na mlango walikuwa na bidii kupita wote. Walishindilia kwa ngumi, wakakalia mto, wakaongeza, wakashindilia tena, mpaka ukawa mgumu kama tofali. Mwalimu alipita, akaubonyeza, akatabasamu, akaenda zake. Kundi la wasichana watatu nyuma yao lilijaza kivivu, vipande vikilala hovyo, mto ukabonyea na kurudi kama mkate wa kumimina.

Nilimwuliza wakati wa mapumziko kwa nini hakuwasahihisha wavulana. Akanijibu kwamba sufuria itawasahihisha.

Hapo nilielewa ufundi wake uko wapi. Tambara lenyewe halizuii joto sana. Kinachozuia ni hewa iliyonaswa katikati ya matambara, hewa isiyo na nafasi ya kuzunguka. Ukishindilia, unaifukuza hewa na kuzigusanisha nyuzi, joto likapata daraja la kuvukia. Ukiacha mapengo makubwa, hewa inazunguka na kulibeba joto kwenda nje. Kuna kiasi cha katikati ambacho kiganja hukijua kabla ya kichwa, na mwalimu anaweza kukieleza kwa sentensi mbili. Angekieleza, wavulana wangekiandika daftarini na kukisahau. Kunyamaza akiona kosa, tena kosa linalofanywa kwa moyo safi, na kuliacha lisafiri mpaka mahali litakapojionyesha lenyewe: huo ni uvumilivu ambao sijauona kwa walimu wengi, na mimi mwenyewe sina.

Siku ya tatu ilianza mapema. Maharage yalikuwa yamelowekwa usiku kucha. Mama mpishi wa shule, aliyeitikia "shikamoo" za watoto arobaini moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, aliwasimamia kwenye majiko ya mkaa nje ya jiko kubwa la shule. Kabla ya kuwasha, kila kundi lilipima mkaa wake kwenye mizani na kuandika. Kisha maharage yakachemka kwa nguvu robo saa nzima, na hapa mwalimu hakuacha mtu ajifunze kwa kukosea. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoondolewa kwa kuchemka kweli; joto la wastani la kapu peke yake haliiondoi. Alisimama na saa mkononi. Kujua kosa lipi liachwe na lipi lizuiwe ni nusu ya kazi hii.

Saa mbili na nusu asubuhi sufuria nne zikaingia makapuni, na ya tano, yenye maharage na maji kiasi kilekile, ikaachwa mezani na mfuniko wake tu. Mkaa uliosalia ukazimwa kwa mchanga. Amri ikawa moja: mtu asifunue.

Sidhani kama kuna amri ngumu kuliko hiyo kwa mtoto wa miaka kumi na moja. Kipindi cha hesabu kikapita, cha Kiswahili kikapita, na macho yote yalikuwa kwenye kona yenye makapu. Kundi moja lilishindwa. Wakati wa mapumziko mtu alifunua "kidogo tu", akafunika, na mwingine akataka kuona alichokiona mwenzake. Sitasema ni kundi lipi. Lilijitaja lenyewe saa saba mchana.

Saa saba wakafunua. Kipimajoto kilipita kutoka sufuria hadi sufuria na kila mmoja akasoma kwa sauti. Sufuria ya mezani ilikuwa imepoa kiasi cha kushikika, maharage yake magumu. Ya kapu lililofunuliwa-funuliwa ilikuwa vuguvugu, na mama mpishi aliitenga mara moja: chakula kikikaa vuguvugu kwa saa nyingi huharibika na kuumiza tumbo. Ya wavulana wenye mto wa tofali ilikuwa na joto, lakini punje zilikuwa bado na kiini. Ya wasichana watatu ilitoa mvuke uliowafanya warudi nyuma wakicheka, na maharage yalipondeka kwa kubonyezwa na kijiko. Wavulana hawakusubiri kuambiwa. Walikwenda kuubonyeza mto wa wasichana, wakaurudia wao, wakaanza kufumua mshono.

Kisha likaja swali ambalo siku tatu zote zilikuwa zikilitayarishia njia. Msichana mmoja, mkimya tangu siku ya kwanza, aliuliza: "Mwalimu, kapu halina moto. Joto limetoka wapi?"

"Wewe unaonaje?"

"Halijatoka popote. Limekosa mlango."

Mwalimu aligeuka akaandika maneno hayo ubaoni kama yalivyo, halafu akachora duara, akalizungushia mstari mwembamba, na kwa mara ya kwanza akasema: dunia. Jua huipasha, nayo hurudisha joto angani. Hewa inayoizunguka huzuia sehemu ya joto hilo lisitoke lote, na ni heri iwe hivyo, kwa sababu bila gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto hilo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 juu yake. Shida ni kwamba tunaziongeza. Kabla ya zama za viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa hewa ukaa. Leo zimepita 420. Alikuwa mwaminifu pia kueleza mahali mfano unapoishia: matambara hunasa hewa isizunguke, ilhali hewa ukaa hufyonza mnururisho wa joto usioonekana na kuutawanya tena, sehemu yake ikirudi chini. Njia ni mbili tofauti, tokeo linafanana. Mwalimu mvivu angeuacha mfano ulivyo kwa sababu unapendeza.

Nikiwa pale nyuma nilimkumbuka Eunice Foote, Mmarekani ambaye mwaka 1856 aliweka vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo, mmoja una hewa ya kawaida na mwingine una hewa ukaa, akaianika juani. Wenye hewa ukaa ulipata joto zaidi, na ulipoondolewa juani ulichukua muda mrefu zaidi kupoa. Akaandika kwamba angahewa yenye gesi hiyo kwa wingi ingeipa dunia joto kubwa. Miaka mitatu baadaye, John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, alianza kupima jinsi gesi zinavyofyonza joto lenyewe. Mitungi, jua, na subira ya kutazama kitu kikipoa: sioni umbali mkubwa kati ya meza ya Foote na ile kona ya makapu.

Siku ya nne ilikuwa ya hesabu, na ilikuwa ya mkaa. Kwa tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa huweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Kutoka dirishani mwa darasa lile milima ya Uluguru inaonekana wazi, na watoto wanajua kwamba mito ya huko huungana na Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Wanajua pia baiskeli zinazoteremka na magunia alfajiri. Mtoto mmoja akasema baba yake ni mmoja wa wanaoteremka. Ukimya ukaingia.

Mwalimu alikwenda akakaa kwenye dawati la mtoto huyo, karibu yake. Akasema kazi ya baba imempeleka shule, na kwamba si wachoma mkaa wa Morogoro walioijaza dunia joto. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mkaa una madhara yake hapahapa, kwa mlima, kwa maji na kwa mapafu ya wapishi. Ndiyo maana mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Yote mawili ni kweli, akasema, na mtu anaweza kuyashika yote mawili kwa wakati mmoja. Nilimshukuru kimoyomoyo. Mara nyingi tunawatwisha watoto wetu deni la watu wengine, halafu tunaita hiyo elimu ya mazingira.

Hakudai pia kwamba makapu manne yatabadilisha jiko la shule. Sufuria ya jiko hilo inalisha mamia, na hakuna kapu la kuitosha. Makapu yalikwenda majumbani kwa zamu.

Kabla ya kengele, wakaleta mkaa uliozimwa jana yake. Wakaupepeta mchanga, wakaupima kundi kwa kundi, wakatoa na kuandika tofauti karibu na namba za asubuhi ile. Wavulana wa mto wa tofali, waliokwisha kuufumua na kuujaza upya, waliomba mkaa wao usichanganywe na wa wengine; wangeutumia wenyewe Jumatatu. Mwalimu akawapa debe tupu la mafuta ya kula, wakauweka humo, wakaandika jina la kundi lao kwa chaki.